Mgeni Tuliyemtambua Jangwani



Tangu Jumamosi iliyopita wengi mmetuuliza kwa nini paroko alionekana nyuma ya nyumba ya mapadri, amevaa gambuti na kushika sururu, aking'oa uzio wa madungusi uliopandwa na wamisionari kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mzee mmoja wa Halmashauri ya Walei ametuambia kwa upole kwamba uzio ule ni kumbukumbu ya watangulizi wetu. Ametuambia kweli. Tumeona ni haki kuwaeleza yaliyotusukuma, ila maelezo yenyewe yanaanzia mbali sana, katika jangwa la Sonora, jimboni Arizona, nchini Marekani. Mtuvumilie; safari hii tutaandika kirefu kuliko desturi yetu.

Mtakumbuka kwamba mwaka 2025 Baba Askofu alituruhusu kupumzika, nasi tukaenda kukaa kwa padri mwenzetu tuliyesoma naye seminari, anayehudumu mjini Tucson. Tulikaa huko tangu mwanzo wa Machi hadi katikati ya Mei. Paroko msaidizi alishika usukani wa Kwaresima na Pasaka, na kwa taarifa tulizozipata baadaye, hakuna aliyeuona upungufu wetu.

Mji wa Tucson umekaa kati ya vipande viwili vya Hifadhi ya Taifa ya Saguaro: kimoja mashariki, chini ya milima ya Rincon, na kingine magharibi, katika milima ya Tucson. Upande wa mashariki ulianza kulindwa na serikali mwaka 1933, wa magharibi ukaongezwa mwaka 1961, na mwaka 1994 vyote viwili vikapewa hadhi ya hifadhi ya taifa. Hakuna simba wala tembo wa kutazamwa kama ilivyo katika hifadhi zetu. Watu hulipa kiingilio wakaenda kutazama mimea. Tunakiri kwamba siku ya kwanza jambo hilo lilitufanya tutabasamu kidogo.

Aliyetufuta tabasamu hilo alikuwa mwanamke mzee wa parokia ile, mwalimu mstaafu wa biolojia, ambaye sisi tulimwita Mwalimu tu. Kila Jumanne asubuhi alikuwa akitupitia kwa gari lake, akiwa na kofia pana, chupa nne za maji, kioo cha kukuzia na chanuo la nywele. Kazi ya chanuo hatukuiuliza. Tulikuja kuijua.

Tulikuwa tumeizoea picha ya jangwa la mchanga mtupu. Sonora si hivyo. Ni pori la miiba, lenye vichaka, miti mifupi na maua, na mtu wa Dodoma akiliona hujisikia nyumbani upesi mno. Mvua yake kwa mwaka ni kama nusu ya ile tunayoipata sisi, lakini huja mara mbili: mvua za taratibu za miezi ya baridi, kisha mvua za radi kuanzia Julai. Sisi wenye msimu mmoja tulijikuta tukiwaonea wivu watu wa jangwani.

Basi siku ile ya kwanza, tuliposhuka garini upande wa mashariki na kuyaona yale madungusi marefu yenye mikono, yamejipanga mlimani kama waamini wanaongoja maandamano ya Matawi, tulisema kwa sauti: "Huu mti kwetu upo!" Tulikuwa tukiufikiria ule mti mkubwa wa jamii ya mnyaa, wenye matawi yaliyoinuka kama kinara cha mishumaa, ambao kila mmoja wenu anaujua.

Mwalimu hakutubishia. Alituambia tusogee tuangalie miiba inapoota.

Hilo ndilo lilikuwa somo lake lote kwa majuma kumi. "Jina ni la mwisho, Padri," alikuwa akisema. "Kwanza niambie umeona nini." Tuliona kwamba miiba ya dungusi huchipuka kwa kundi kutoka kwenye kijito kidogo chenye manyoya, mfano wa kifungo kilichoshonwa kwa sufi. Alituambia kwamba kila dungusi la kweli lina vijito hivyo, hata lile lisilo na mwiba wowote. Mti wetu wa jamii ya mnyaa hauna. Miiba yake hukaa ukingoni mwa mgongo wa tawi, mara nyingi miwili miwili, na ukiukata hutoa utomvu mweupe mkali unaoweza kumpofusha mchungaji asiye mwangalifu. Hizi ni koo mbili zisizo na udugu. Karibu madungusi yote ya dunia asili yake ni bara la Amerika. Afrika inalo moja tu la asili, nalo huning'inia mitini katika misitu yenye unyevu, halifanani kabisa na tunayoyawazia. Mmea wa kwao na mmea wa kwetu vimefanana umbo kwa sababu vimekaa na kiu ile ile kwa muda mrefu. Tulipokuwa seminarini tulifundishwa jenasi na spishi kwa njia ya Aristotle, tukafaulu mtihani, na kumbe hatukuwahi kutazama mmea mmoja kwa dakika tano.

Dungusi lile refu ndilo saguaro, lililoipa hifadhi jina. Siku hiyo hiyo tuliandika daftarini aina mbili za saguaro, yenye mikono na isiyo na mikono. Mwalimu alisoma, akacheka hadi akakaa juu ya jiwe. Ile isiyo na mikono ni kijana. Saguaro hukua polepole kiasi cha kuichosha akili. Katika miaka minane ya kwanza hufikia urefu wa sentimita 3 au 4 tu, likiwa limejificha chini ya kivuli cha mti mwingine unaolilinda na jua na baridi. Huanza kutoa maua likiwa na umri wa miaka kama 35. Mikono huanza kuchomoza baina ya miaka 50 na 75, pengine baadaye zaidi mahali pakavu. Likifikisha mita 12 limekwisha kuwaona watu wa vizazi vitano wakipita. Ngozi yake ina mikunjo kama marinda ya sketi, ambayo hukunjuka mvua inaponyesha ili liweze kunywa, kisha hujikunja tena polepole kadiri maji yanavyotumika. Gogota huchimba tundu ubavuni mwake, nalo huliziba jeraha kwa ukuta mgumu, hivyo ndege wengine hupata nyumba iliyokwisha kupigwa lipu.

Watu wa asili wa nchi ile, Watohono O'odham, huyahesabu madungusi haya kuwa ni watu. Mwezi wa Juni huangua matunda yake kwa mti mrefu uliotengenezwa kwa mbavu kavu za saguaro lililokufa, wakapika asali yake na kufanya kinywaji cha kuombea mvua. Sisi tuliondoka kabla ya mavuno hayo, jambo ambalo bado linatuuma.

Mwaka ule ulikuwa mbaya kwa maua ya msimu. Mvua za miezi ya baridi zilikuwa haba mno, na yale maua ambayo watu husafiri kwenda kuyaona, hasa popi za rangi ya dhahabu na lupini za zambarau, hayakutokea kwa wingi. Mbegu zake zinahitaji mvua nzuri ya majira ya kupukutika majani. Zisipoipata, husubiri ardhini, hata kwa miaka kadhaa. Tulizunguka asubuhi nzima tukapata popi moja. Ilikuwa pembeni mwa barabara ya lami, pale maji machache yanapotiririkia, imefunga petali zake nne kwa sababu kulikuwa na wingu. Mwalimu alipiga magoti changaraweni, naye ana miaka sabini na zaidi, akakaa anaingoja. Baada ya nusu saa jua lilitoka, popi ikafunguka. Wageni wawili walipita wakauliza kama tumepoteza kitu.

Maua ya vichaka vya kudumu yalikuwapo, ingawa machache. Hapo ndipo tulipopata shida kubwa kuliko ya madungusi, maana karibu kila ua katika jangwa lile ni la njano na lina umbo la alizeti ndogo. Mwalimu alitufariji kwamba hata wataalamu hutaniana kuhusu maua hayo na kuyatia yote kapu moja wanapochoka. Kichaka kimoja tulikishika upesi, kwa majani yake ya rangi ya fedha na vijiti virefu vinavyobeba maua juu kabisa ya majani. Waingereza wana jina lao. Wahispania walikiita "incienso", yaani ubani, kwa sababu utomvu wake mkavu ulichomwa makanisani badala ya ubani wa kuagizwa. Kusini mwa mji lipo kanisa la misioni ya San Xavier del Bac. Misioni hiyo ilianzishwa na Padri Eusebio Kino, Mjesuiti, mwaka 1692, na kanisa lililopo sasa lilijengwa kati ya mwaka 1783 na 1797. Tulisali Misa pale, tukakumbuka mara ngapi tumelalamikia bei ya ubani dukani.

Kila juma kulikuwa na kosa jipya. Tuliuita ocotillo dungusi, kwa kuwa ni fungu la fito ndefu zenye miiba. Si dungusi. Mvua ikinyesha hujivika majani mabichi kwa siku chache tu, ukame ukirudi huyatupa yote, nao huweza kufanya hivyo mara kadhaa kwa mwaka. Ncha zake huwaka maua mekundu ambayo huvutia ndege mdogo sana mfano wa chozi wetu, anayeelea hewani akinywa. Watu hukata fito zake wakazichomeka ardhini kuwa uzio, nazo hushika mizizi, sawasawa na tunavyofanya na minyaa. Mkonge wao nao tuliutia katika kundi la madungusi, tukasahihishwa.

Dungusi la pipa tulilitambua wenyewe, kwa unene wake, kwa miiba iliyopinda kama ndoana na kwa taji la matunda ya njano yanayokaa juu yake miezi mingi. Mengi yameegemea kusini, upande wa jua. Tulimwambia Mwalimu kwa fahari kwamba tumesoma mahali kuwa msafiri mwenye kiu hulikata akanywa maji yake. Uso wake ukabadilika. Alisema ndani hamna maji ya kunywa, bali nyama laini yenye majimaji makali, na mtu aliyekaukiwa akiyanywa hutapika na kuharisha, akapoteza hata maji kidogo aliyobaki nayo. Watu wengi wamekufa kwa kiu katika jangwa lile, hasa wahamiaji wanaovuka kwa miguu kutoka kusini. Hakusema zaidi. Tukafuta tulichoandika.

Kuhusu chanuo: ipo jamii ya madungusi iitwayo cholla, na mojawapo ina miiba ya rangi ya fedha iliyosongamana hivi kwamba kwa mbali huonekana laini kama manyoya ya mwanakondoo. Vipande vyake huachia kwa kuguswa kidogo tu, na miiba ina vinyuzi vya kurudi nyuma vinavyong'ang'ania nyama. Kimoja kilishika kiatu chetu, nasi kwa ujinga tukajaribu kukitoa kwa mkono. Mwalimu aliingiza chanuo kati ya kidole na kile kipande, akakirusha mbali kwa pigo moja, kisha akatumia koleo ndogo kwa miiba iliyobaki. Ilikuwa kumi na moja. Tuliihesabu kwa sababu alituamuru tuhesabu, ili tusipige kelele.

Ilipofika mwezi wa Aprili dungusi dogo linaloota kwa vifungu, mfano wa matango yaliyosimama, lilitoa maua ya waridi yaliyokoza, na katikati ya kila ua kilisimama kijiti cha kijani kibichi. Kwa kijiti hicho hamwezi kulikosea. Kisha mti wa palo verde, ambao gome lake ni la kijani na hufanya kazi ya majani wakati majani hayapo, ukawa wa njano mlimani kote. Mwisho wa mwezi saguaro zikaanza. Ua lake ni jeupe, zito kama nta, hufunguka usiku na kufunga alasiri ya siku inayofuata. Popo hulitembelea usiku, nyuki na njiwa mchana. Maisha ya ua moja hayafiki siku nzima, nalo limetoka kwenye mti uliongoja miaka 35.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Jumanne mojawapo Mwalimu alitupeleka kwenye mteremko ambao hatujawahi kuupanda. Kulikuwa na watu kama kumi na watano hivi, wengi wao wazee, wakiwa na sururu na mitaimbo, wakichimba kitu na kukitia katika mifuko ya plastiki. Tulitazama chini. Na kwa mara ya kwanza tangu tufike Arizona, hatukuhitaji kuuliza, wala kioo cha kukuzia. Kulikuwa na nyasi zenye vichwa kama mkia wa mbweha, za rangi ya zambarau iliyopauka. Tulichuma kichwa kimoja, tukakivuta kati ya vidole hadi mbegu zikatoka zote, na kile kijiti kilichobaki kikakwaruza kama msasa. Tulipokuwa watoto tukichunga mbuzi wa marehemu baba yetu, tulikuwa tukivitia vichwa hivyo katika mikono ya mashati ya wenzetu waliolala, vikapanda vyenyewe hadi kwapani.

"Hizi ni za kwetu!" tulisema. Tulikuwa na furaha ya kweli. Baada ya majuma saba ya kukosea kila kitu, tulikuwa tumelitambua jani moja.

Wale wazee waliacha kuchimba. Mmoja aliangalia pembeni. Mwalimu alisema polepole: "Ndiyo, Padri. Zimetoka kwenu."

Kisha alieleza, na tunaomba mwelewe kwamba hakueleza kwa kulaumu. Nyasi hizi zililetwa Marekani katika miaka ya 1930 na 1940, kwa ajili ya malisho ya ng'ombe na kuzuia mmomonyoko, kwa kuwa hustahimili ukame na kukanyagwa. Mbegu za aina iliyosambazwa zaidi zilitoka nchi ya Waturkana, kaskazini mwa Kenya. Hata Australia walipelekewa aina iliyochukuliwa hapa kwetu Dodoma. Kwetu ni nyasi njema. Zimeishi na moto na tembo na makundi ya mifugo tangu zamani. Kule hakuna vitu hivyo. Jangwa la Sonora halikuzoea moto, maana kati ya mmea na mmea huwa kuna udongo mtupu, na cheche ikianguka hufa yenyewe. Nyasi zetu hujaza nafasi ile yote. Zikikauka huwa kuni tupu, na moto ukipita, zenyewe huchipua tena kutoka shinani, lakini saguaro halichipui. Mti wa miaka 150 hupikwa ukiwa umesimama, na huenda ukachukua miaka kadhaa kuanguka.

Tulikuwa bado tumeshika kile kijiti mkononi. Ndugu wasomaji, hatuna dhambi katika jambo hilo. Hatukuzaliwa mbegu zile zilipopandishwa melini, na waliozichukua hawakumwuliza yeyote wa kwetu. Hata hivyo tuliona haya, kama mtu anayesikia sifa za ndugu yake katika kijiji cha ugenini na kugundua kwamba wanaomsimulia wamebeba majembe ya kuzikia. Tuliomba mtaimbo. Tulichimba hadi saa tano, kwa kuwa baada ya hapo jua huwa halifanyiwi mzaha. Kila shina ilitubidi kuling'oa na mizizi yake yote, tukijua vizuri kuliko wote pale jinsi lilivyo tamu kwa mbuzi.

Wakati wa kupumzika Mwalimu alitwonyesha dungusi pana lenye mabapa, lililokuwa limechanua maua ya njano karibu nasi. Alituuliza kama tunalijua. Tulitazama vijito, tukatazama mabapa, tukaona ile miiba midogo kama upupu inayozunguka kila kijito. Tukasema ndiyo, jamaa yake yuko nyuma ya nyumba yetu. Akasema dungusi hili hili, la kwao, limefika Laikipia nchini Kenya pamoja na ndugu zake, na kwamba amesoma jinsi yalivyomeza malisho ya wafugaji huko. Yalipandwa kuwa uzio wakati wa ukoloni. Tembo na nyani hula matunda wakazitawanya mbegu, na mifugo inayoyala matunda hayo hujaa miiba midomoni na matumboni.

Alisema tu, kama habari. Hakujua alichotufanyia.

Mwaka 2022 bibi mmoja mjane wa parokia hii, ambaye shamba lake limepakana na kiwanja chetu, alituletea mwanambuzi aliyevimba ulimi na midomo. Alisema ni miiba ya uzio wa mapadri, na kwamba madungusi yamevuka korongo yakaingia malishoni kwake. Sisi tulimpa fedha ya dawa, tukamshauri achungie upande mwingine. Tulimwambia pia kwamba uzio ule una historia yake. Mwanambuzi alikufa. Bibi hakurudi tena kulalamika, nasi tukadhani tatizo limekwisha.

Tuliporudi mwezi wa Mei tulizunguka kiwanja tukiwa na daftari. Uzio huo tumeupita mara nne kwa siku kwa miaka sita. Tulivuka korongo. Tulihesabu vichaka 40 kabla ya kufika mpaka wa shamba lake, tukaacha kuhesabu. Kila kimoja kilikuwa kimeanza kwa bapa lililoanguka au kwa mbegu iliyodondoshwa na ndege, na chini yake hapakuwa na jani la kulisha hata mbuzi mmoja.

Tulikwenda kwake jioni ile, tukamwomba radhi. Alitupa kigoda, akanyamaza kitambo, kisha akauliza:

"Mmeujuaje sasa, Baba Paroko?"

"Tulifundishwa, Bibi. Huko tulikokwenda."

"Kwa ndege?"

"Kwa ndege."

"Nami niliwaambia bure, bila nauli," alisema, akaenda kutia kuni jikoni.

Hatukuwa na jibu, na hata leo hatunalo. Ilituchukua miezi mingine kabla ya kushika sururu, kwanza kwa shughuli, halafu kwa kuogopa maneno ya wazee, na hilo nalo mtuandikie.

Kwa hiyo kazi iliyoanza Jumamosi iliyopita inaendelea Jumamosi hii, saa moja asubuhi, kuanzia kwenye korongo. Njooni na majembe na viatu vya kufunika, watoto wasije. Msikate mabapa na kuyaacha chini, kwa maana kila bapa linaloachwa huota mizizi. Yote yatabebwa kwa toroli hadi kwenye shimo lililochimbwa nyuma ya ghala, yafukiwe humo. Mwenye chanuo alete. Bibi ameahidi kutuletea mbegu za zile nyasi za mkia wa mbweha, azipande mwenyewe pale tutakapokuwa tumesafisha, na ametuomba tusimsaidie.